Mwezi wa Kuitwa Majina

Anayetaka kulidharau kanisa la kijijini huko Uingereza ahesabu watu wake Jumapili ya kawaida ya Februari. Atawakuta wazee wachache waliojifunika makoti ndani ya jengo lenye umri wa miaka 700 au 800, wametawanyika vitini kana kwamba wamegombana, na kasisi anayetupia jicho saa yake kwa sababu kijiji cha pili kinamsubiri. Atatoka na takwimu zake, ataandika kwamba parokia za mashambani zimekwisha, na hatakuwa amesema uongo. Ila amehesabu walio hai peke yao.

Arudi mwishoni mwa Septemba, akae mpaka Desemba ianze. Hayo ni majira ya majani kupukutika. Ngano imeshavunwa tangu Agosti, mashamba yamebaki mabua, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote za nchi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Kufikia katikati ya Novemba jua huzama saa kumi na robo za jioni, wakati ambapo huku kwetu watoto wa shule ndio kwanza wako njiani kurudi nyumbani. Afrika Mashariki miezi hiyo ni ya mvua za vuli, ya majembe na mbegu. Kule ni miezi ya kufunga milango. Na ndipo kanisa la kijijini, lile lililodharauliwa Februari, linapojaa mara tatu au nne mfululizo: kwa ajili ya mavuno, kwa ajili ya marehemu, kwa ajili ya waliouawa vitani, kisha kwa ajili ya Majilio.

Sikukuu ya mavuno, jinsi Waanglikana wanavyoijua leo, ina mwanzilishi na tarehe. Robert Stephen Hawker, kasisi wa Morwenstow, parokia iliyo juu ya majabali ya pwani ya kaskazini ya Cornwall, aliwaita watu wake kwenye ibada ya shukrani tarehe 1 Oktoba 1843. Desturi za kushangilia mavuno zilikuwapo tangu kale, nyingi zikiishia kwenye karamu na pombe. Hawker aliziingiza kanisani na kutaka mkate wa meza ya Bwana uokwe kwa ngano mpya. Wazo likaenea Uingereza nzima, na mpaka leo kila Septemba na Oktoba madirisha ya makanisa ya vijijini hupangwa maboga, matofaa, na mkate mkubwa uliofinyangwa kwa umbo la mganda wa ngano. Siku hizi pembeni yake huwekwa pia makopo ya maharage na pakiti za tambi, kwa kuwa sadaka hiyo huishia kwenye benki za chakula za miji ya jirani. Msharika wa Moshi au Njombe angeitambua sikukuu hiyo mara moja, ingawa angeshangaa kutoona mnada. Mavuno bila jogoo kuuzwa, kurudishwa na kuuzwa tena mpaka mweka hazina atabasamu, hayo ni mavuno ya namna gani?

Kinachosahaulika ni kazi nyingine ya Hawker. Mwaka mmoja kabla ya ibada yake ya mavuno, Septemba 1842, merikebu iitwayo Caledonia, iliyotoka Arbroath huko Uskoti, ilivunjika kwenye miamba chini ya parokia yake. Akapona mtu mmoja. Hawker na watu wake walizibeba maiti kutoka ufukweni, wakazizika katika uwanja wa kanisa, na juu ya kaburi wakasimamisha sanamu iliyokuwa kwenye omo ya chombo hicho. Katika miaka yake ya ukasisi alizika mabaharia zaidi ya 40 namna hiyo, watu ambao hawakuwa wa kijiji chake, ambao ndugu zao wengi hawakujua walikolala. Sanamu ya Caledonia sasa imehifadhiwa ndani ya kanisa, na nakala yake imesimama nje penye kaburi. Kwa hiyo mtu aliyewafundisha Waanglikana kupanga maboga kanisani ndiye yule yule aliyekuwa akishuka majabalini kuokota maiti za wageni. Haionekani kwamba aliziona kazi hizo mbili kuwa za aina tofauti. Parokia kwake ilikuwa mahali ambapo kila kilichofika, ngano au mfu, kilipokewa na kuwekwa mahali pake.

Fikra hiyo ni ya kale kuliko Hawker. Karne tatu kabla yake, katika jimbo la jirani la Devon, kulikuwa na kijiji kiitwacho Morebath, chenye familia 33 tu. Kasisi wake, Christopher Trychay, alikaa hapo miaka 54, kuanzia 1520 hadi 1574, na aliandika hesabu za parokia kwa undani ambao wanahistoria wengi wangetamani kuupata hata kwa miji mikubwa. Mwanahistoria Eamon Duffy aliyatumia madaftari hayo kuandika kitabu chake cha mwaka 2001, na tangu hapo Morebath inajulikana kuliko vijiji vingi vyenye watu mara kumi yake. Katika madaftari hayo mtu aliyetoa kondoo mmoja, aliyeacha mzinga wa nyuki, aliyenunua mshumaa, wote wametajwa. Parokia za Uingereza za wakati huo zilikuwa na orodha ya marehemu wao iliyosomwa kwa sauti kanisani, jina kwa jina, ili kijiji kiwaombee. Kutoa kitu kanisani kulikuwa pia kujinunulia nafasi katika orodha hiyo, na watu hawakuona aibu kukiri hivyo.

Trychay alikuwa na hamu moja: mavazi meusi ya kuadhimishia misa za marehemu. Aliweka akiba kidogokidogo kwa takriban miaka 20. Akayapata mwaka 1547, mwaka ule ule ambao serikali ya mfalme mtoto, Edward VI, ilianza kuzifuta sala za marehemu. Orodha zikanyamaza. Mishumaa ikazimwa kwa amri. Mwaka 1549, watu wa Devon na Cornwall walipoasi dhidi ya kitabu kipya cha sala, Morebath ilipeleka vijana watano kwenye kambi ya waasi nje ya Exeter, na kasisi aliandika katika daftari lake fedha walizopewa kwa safari hiyo. Uasi ulizimwa kwa damu.

Waprotestanti walikuwa na hoja zao, na nyingine zilikuwa nzito. Biashara ya misa za wafu ilikuwa imeota pembe, na maskini asiye na kondoo wala mzinga angeweza kufa bila kutajwa na mtu. Lakini katika kung'oa biashara waling'oa na desturi ya kijiji kukaa pamoja na kuwataja waliotangulia. Kwa zaidi ya miaka 350 Kanisa la Uingereza liliwazika watu wake kwa heshima, kisha likatarajiwa kutowaombea tena.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mjadala wa wanateolojia. Ulikuwa uamuzi wa kijeshi. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kurudisha nyumbani miili ya wanajeshi waliokufa vitani, tajiri kwa maskini. Mama wa kijijini hakupewa jeneza, hakupewa kaburi la kupalilia. Alichokuwa nacho ni karatasi ya serikali. Ndipo kuanzia 1919 vijiji vikaanza kuchangishana senti kwa senti kujenga minara ya kumbukumbu: msalaba wa jiwe penye njia panda, kibao cha shaba ndani ya kanisa, mahali pengine saa ya mnara au ukumbi. Palikuwa na ugomvi mwingi kuhusu mahali pa kuujenga mnara na nani atangulie katika orodha. Vijiji vingi viliamua kufuata alfabeti, na hivyo mtoto wa mwenye ardhi akajikuta chini ya kijana aliyekuwa akisafisha zizi lake. Sala za marehemu, ambazo kabla ya vita zingezua kelele katika parokia nyingi, zikarudi taratibu. Wakuu wa kanisa waliona kwamba hawawezi kumwambia mjane asimwombee mumewe.

Ukimya wa dakika mbili nao ulianza wakati huo. Uliadhimishwa kwa mara ya kwanza saa tano kamili asubuhi tarehe 11 Novemba 1919, kwa agizo la Mfalme George V, na wazo lilitoka kwa Sir Percy FitzPatrick wa Afrika Kusini, aliyeona watu wa Cape Town wakisimama kimya kila adhuhuri wakati wa vita. Baada ya vita kuu ya pili ibada kuu ilihamishiwa Jumapili ya pili ya Novemba, na hapo ilipo leo. Wapiga kengele hufunga kipande cha ngozi upande mmoja wa ulimi wa kengele, ili mlio mmoja usikike wazi na unaofuata uwe mzito kama unatoka chini ya ardhi. Kisha mtu hutoka mbele na kusoma majina. Katika kijiji kidogo hayazidi 10 au 15. Mara nyingi jina la ukoo hujirudia mara mbili, hata tatu, na hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake.

Mwandishi Arthur Mee, aliyezunguka nchi katika miaka ya 1930, aliviita Vijiji vyenye Shukrani vile ambavyo vijana wao wote walirudi hai kutoka vita ya kwanza. Utafiti wa baadaye umevipata zaidi kidogo ya 50 katika Uingereza na Wales, kati ya maelfu kwa maelfu. Kimoja ni Upper Slaughter, Gloucestershire, ambacho hata katika vita ya pili hakikumpoteza mtu.

Wapo wanaoichukia Jumapili hiyo ya kumbukumbu, na si wote ni watu wa kupenda ubishi. Wanasema imekuwa siku ya bendera, kwamba ua jekundu la popi kifuani limegeuka kipimo cha uzalendo, kwamba wanasiasa huja kupigwa picha na watu wasioingia kanisani mwaka mzima hujifanya waumini kwa saa moja. Yapo hayo. Lakini anayesikiliza kwa makini huona kwamba jiwe lina adabu kuliko hotuba. Hotuba inaweza kusifu vita. Orodha ya majina ya vijana wa kijiji kimoja haina jinsi ya kuisifu. Na kuhusu hao wanaoingia mara moja kwa mwaka, makasisi wanaowalalamikia wanakosea. Parokia si chama cha wahudhuriaji. Mtu ambaye jina la babu yake limechongwa ukutani ana haki yake pale, aimbe asiimbe.

Kanisa la Uingereza lina majengo ya ibada karibu 16,000, na karibu theluthi mbili yako vijijini. Kasisi mmoja siku hizi huhudumia makanisa sita, kumi, pengine zaidi. Jumapili ya Kumbukumbu kila kijiji kinataka ibada yake saa tano, na kasisi hana miili kumi. Matokeo yake ni kwamba katika vijiji vingi ibada huongozwa na mwalimu mstaafu, mkulima, au mwanajeshi wa zamani, na majina husomwa na kijana wa sekondari ambaye amefanya mazoezi ya kuyatamka jikoni kwao. Mwaka 2021 ilizinduliwa kampeni ya kutetea parokia dhidi ya mipango ya kuziunganisha na kupunguza makasisi. Wanakampeni wana hoja, ila wakati mwingine huzungumza kana kwamba parokia ni mshahara wa kasisi. Novemba inaonyesha vingine. Inaonyesha pia hatari yenyewe iko wapi: kijiji kinaweza kuvumilia miezi bila mahubiri mazuri, lakini jengo likifungwa na kuuzwa kuwa nyumba ya mapumziko, kibao cha shaba kitasomwa na nani?

Mwaka 2018, vita ya kwanza ilipotimiza miaka 100 tangu kumalizika, wapiga kengele walifanya jambo la busara. Inakadiriwa kwamba wapiga kengele 1,400 wa Uingereza walikufa katika vita hiyo. Ikatangazwa kwamba wanatafutwa wanafunzi wapya 1,400, mmoja kwa kila aliyekufa. Waliojitokeza waliipita idadi hiyo kwa mbali. Kupiga kengele za Kiingereza si kuvuta kamba tu. Huchukua majuma mengi kumudu kengele moja bila kuvunja kitu au mkono. Watu wengi wasio na dini yoyote walipanda ngazi nyembamba za minara, wakajifunza, na Novemba ile wakapiga. Ukiwauliza wahubiri matumaini ni nini watakupa aya tatu. Hawa waliona nafasi iliyoachwa wazi, wakaingia.

Na sasa parokia nyingi hutuma barua kila Oktoba kwa familia zote zilizofiwa na kuzikiwa na kanisa katika mwaka uliopita, wakiwamo wasiosali kamwe, kuwaalika kwenye ibada ya Marehemu Wote inayoangukia karibu na tarehe 2 Novemba. Majina husomwa, mishumaa huwashwa, kisha chai na keki. Trychay angeyaelewa yote isipokuwa keki. Majuma machache baadaye huanza Majilio, na mwaka wa kanisa hufunguliwa upya katika kipindi chenye giza kuliko vyote, mchana ukiwa bado unaendelea kupungua. Anayepanga kalenda kwa kufuata akili ya kawaida angesubiri machipuko.

Kwa msomaji wa Kiswahili habari hizi si za watu wa mbali. Vita iliyochonga majina kwenye misalaba ya vijiji vya Devon ilipiganwa pia Tanga, Taveta, Mahiwa na Rufiji, na huku haikuisha tarehe 11 Novemba. Kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Mzigo wa vita hiyo ulibebwa vichwani na wapagazi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo. Walikufa zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi cha wapagazi na kwenda nacho bara yeye mwenyewe. Viongozi wengi hawakwenda.

Tume iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya wanajeshi wa himaya ya Uingereza iliapa kuwatendea wafu wote sawa. Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba haikufanya hivyo: angalau watu 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Maafisa wa kikoloni walidai kwamba Mwafrika hangejua thamani ya jiwe la kaburi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni kazi nzuri ya shaba, na haina jina hata moja la mtu. Januari 2025 Cape Town ilizinduliwa bustani ya kumbukumbu ya wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hiyo, kila mmoja na nguzo yake ya mti wa mvule yenye jina lake. Kwa hiyo inawezekana, hata baada ya karne nzima.

Huku kwetu Novemba ni mwezi wa marehemu katika kila parokia ya Kikatoliki. Jumuiya ndogo ndogo huenda makaburini kupalilia na kusali, familia huandika majina ya wafu wao kwenye karatasi za nia za misa, na katekista huyasoma yote, hata orodha ikichosha. Desturi ya kuita majina haijafa. Inahitaji kusogezwa nyuma miaka 100 tu. Rabai, Bagamoyo, Magila, Masasi, Kilema na misheni nyingine za kabla ya 1914 zilibatiza, zilifungisha ndoa na zilizika, na makasisi wake waliandika. Vijana waliobatizwa 1905 ndio waliokuwa na mabega ya kubeba masanduku ya risasi 1916. Wengi wa wapagazi hawakuwa Wakristo, na wengi wa waliokuwa Wakristo wataonekana kwenye kitabu cha ubatizo kwa jina moja la ubatizo na jina la baba, bila alama yoyote ya walikoishia. Kitabu hakitatoa orodha kamili. Kitatoa watu wa kuanzia kuwatafuta, kabla wajukuu wa mwisho wanaokumbuka nani hakurudi hawajazikwa nao. Halmashauri ya parokia inayopanga sasa ratiba ya Novemba inaweza kumwomba paroko ufunguo wa kabati la vitabu hivyo, na kumpa kazi hiyo mwalimu mmoja mwenye macho mazuri na subira ya kusoma mwandiko wa kale.